Usimupeleke Riziki ku Wembe

Bukavu, Jumanne

Dada yangu mukubwa, Mama Bahati,

Salamu yangu ikufikie pale Shabunda na ikukute umesimama. Muguu yako iko aje, ile uliyojikata na jembe? Mama yetu anakula, ao anaendelea kusukuma sahani na kusema ameshiba? Mvua imewaachia njia? Huku inanyesha kila siku, ngazi zote za mutaa yetu ni matope tupu, lakini mwili yangu haina neno, namushukuru Mungu. Roho ndiyo inauma, na wewe ndiwe umeiumiza, kwa hiyo usishangae kama salamu yangu ni fupi leo.

Jana nilikuwa ku soko ya Nyawera natafuta maharagi. Papa Mulonda, ule mufanyabiashara mwenye anapeleka chumvi na sabuni kwenu na ndege, akaniita toka upande wa wauzaji wa mafuta. Alikuwa ametoka kwenu siku mbili tu. Nilifurahi kumuona, nikamuuliza habari ya Riziki, mutoto yangu. Akanipa huku anacheka, kama mutu mwenye analeta habari njema. Akasema Riziki amefikisha miaka mitatu na nusu na hasemi neno, lakini nisiwe na wasiwasi, wewe na shemeji mumekwisha kupatana na ule muzee wa ngambo ya mto mwenye anakata kamba chini ya ulimi. Nyuma ya wiki mbili, shemeji akitoka ku machimbo, mutamupeleka. Eti unamuhangaikia mutoto sana. Niliweka kikapo chini. Nilimuomba arudilie, juu nilifikiri makelele ya wabebaji mizigo yamenidanganya masikio.

Dada, usimupeleke Riziki ku wembe. Naandika hiyo hapa juu ili hata karatasi ikilowa njiani, huo mustari ubaki.

Najua vile utajibu. Utasema huyu mudogo yangu Sifa iko mu muji, anakula sambaza, samaki ya ziwa, anajua nini ya mutoto mwenye mimi ndiye namulisha, namuosha, nalala naye? Ni kweli. Unamulisha, na mimi hapa nalisha mutoto wa watu wengine. Lakini nilishika kichwa ya huyo mutoto wa watu wakati wembe iliingia mu mudomo yake, na nataka usikie vile ilikuwa. Keti chini, ni ndefu kidogo.

Nyumba yenye natumika iko juu kidogo ya Nyawera. Papa Merdi ni asistan ku iniversite, Mama Merdi anatumika mu ONG, shirika ya misaada, wote wawili wanatoka asubui na kurudi jua ikizama. Mutoto iko mumoja tu, Merdi, walimungojea miaka mingi mupaka watu walianza kuwasema. Siku niliingia mule kama boyesi, mutumishi wa nyumba, mutoto alikuwa na mwaka moja na miezi kidogo. Papa Merdi aliniita ku saloni, akaniuliza kama najua Kifaransa. Nikamuambia nilikomea mwaka wa nne wa primeri, najua bonjour na mersi, imeisha.

"Basi mutoto usimusemeshe," akasema. "Umulishe, umuoshe, umulalishe, lakini usimusemeshe. Kiswahili yako itamuharibia mudomo, na ku masomo watamucheka."

Nilitii. Nilikuwa nimetoka kwetu na mufuko moja na deni ya njia, nilikuwa nani wa kubisha? Nilimuosha kimya, nilimulisha kimya, nikamubeba mugongoni kimya, na televizyo inaongea Kifaransa toka asubui mupaka mangaribi. Umeme ukikatika, ile televizyo nayo inanyamaza, mimi na mutoto tunabaki tunaangaliana. Alikuwa anavuta kikwembe yangu ya kujifunga na kusema "mmm", mimi namujibu na mukono. Mangaribi Papa Merdi anaingia, anamupa bonjour mara mbili, mutoto anamuangalia tu, Papa anaenda ku karatasi zake. Mama Merdi anambusu na kusema amechoka. Na alikuwa amechoka kweli, sisemi uongo. Ilikuwa hivyo kwa mwaka moja na nusu, dada, na kila mutu mu ile nyumba alifikiri mutoto analelewa vizuri.

Alipofikisha miaka mitatu wakamupeleka ku masomo ya watoto wadogo. Nyuma ya siku nne mwalimu akawaita. Mutoto haitiki jina yake, haombi hata kwenda kukojoa, wamurudishe mwaka mwingine. Siku ile Mama Merdi aliingia mu jikoni, akaketi ku kiti yangu kidogo yenye nakaa nikichambua mboga. Ilikuwa mara ya kwanza namuona anaketi mule.

Basi mama ya Papa Merdi akakuja toka Nyangezi. Bibi mwema, anapenda mujukuu yake. Alimufungua Merdi mudomo, akaingiza kidole, akasema mara moja kamba iko fupi, ndiyo maana ulimi hainyanyuke. Kule kwao iko mama mumoja mwenye alikata watoto wake wote, na wote wanaongea mupaka wanachokesha watu. Na hawa watu wa masomo, dada, watu wenye vitabu mupaka chini ya kitanda, walikubali siku ile ile. Papa Merdi, mwenye aliogopa Kiswahili yangu, hakuogopa wembe.

Tulienda Jumamosi. Merdi alivaa viatu vyeupe, alifikiri tunaenda kutembea. Kufika pale, Mama Merdi akasema hawezi kuangalia, akatoka nyuma ya nyumba. Papa Merdi alikuwa mu gari na telefone ku sikio. Bibi akanigeukia: "Wewe uko na nguvu, shika kichwa." Nikaketi chini, nikamulalisha mutoto katikati ya magoti, nikashika kichwa yake na mikono miwili. Wembe ilikuwa mupya, ule mama aliitoa mu karatasi mbele ya macho yetu, hiyo pia siwezi kumusingizia. Alinyanyua ulimi na kitambaa. Mutoto hakuwa analia bado. Alikuwa ananiangalia mimi, toka chini, macho yote wazi, juu mu ile nyumba ni mimi tu alinijua. Alifikiri ni kuoshwa.

Halafu damu. Na kilio ile, dada, sitaki kuieleza. Nilitaka kumuambia pole. Neno moja, pole. Lakini Papa Merdi alikuwa amefika mulangoni, nikaimeza. Nilimushika mutoto wa watu akatwe, na sikumuambia pole, juu nilikatazwa.

Siku tano hakula bugali, nilimupa uji na kijiko kidogo. Mudomo ilivimba, homa ikapanda. Na ile neno walifuata kule Nyangezi haikukuja. Kitu ilikuja ni ingine: mutu akimuinamia, hata mimi, hata kumupangusa kamasi, anaziba mudomo na mukono. Bado anafanya hivyo mara moja moja mupaka leo.

Juu ya ile homa ndipo tulifika ku hospitali. Munganga akamupa dawa, halafu akatutuma kwa mama mumoja mwenye kazi yake ni kusaidia watoto kusema. Sikujua kama kazi kama hiyo iko. Chumba yake ni kidogo, hakuna kitu ndani ila mukeka na vikombe na masanduku ya karatasi. Nilimubeba Merdi juu hakutaka kwenda kwa mwingine. Ule mama akasimama nyuma yake, akapiga kikombe, Merdi akageuka. Akapiga pole zaidi, akageuka tena. Akaangalia mudomo yake bila kumugusa, akamungojea afungue mwenyewe. Akauliza nani alikata. Tulikuwa watu watatu wakubwa mule ndani, na kila mutu aliangalia mukeka.

Akauliza mutoto anashinda na nani. Mama Merdi akanionyesha na kidevu.

"Na unamuambia nini siku yote?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna aje?"

"Nilikatazwa."

Nilisema hiyo na sauti ya chini, nikingojea Papa Merdi anifukuze kazi pale pale. Mama Merdi alianza kufungua na kufunga mufuko yake. Ule mama akakamata kikombe yake, akasema bila kukasirika: "Huyu mutoto hakuwa na shida ya kamba. Hana mutu wa kuongea naye." Papa Merdi akaanza maneno ya Kifaransa, ya masomo, ya kesho ya mutoto. Mama ule akamuuliza yeye anacheka na luga gani akiwa na ndugu zake. Papa Merdi akakohoa. "Basi mumusemeshe na hiyo," akamuambia. "Kifaransa ataikuta ku masomo, haitakimbia."

Unafikiri alikubali? Alikubali nusu. Kufika nyumbani akatuwekea sheria mupya: mu saloni ni Kifaransa, mu jikoni na mu kiwanja Sifa anaweza kuongea vile anajua. Kwa hiyo Merdi akahamia jikoni. Kila asubui anabeba kiti yake kidogo anakuja.

Sasa usikie vizuri, juu ni hii nataka ufanye. Ule mama alinifundisha kuketi chini ku mukeka, mudomo yangu iwe mbele ya macho yake. Alinionyesha kuzima televizyo. Aliniambia nisimuulize maulizo kama polisi, hii ni nini, ile ni nini, ila niseme kile mikono yake inafanya, na maneno mafupi. Unamwanga maji. Imejaa. Imeanguka. Akitoa sauti yoyote, niipokee na nimurudishie, kama ni neno. Na tucheze na vitu vya nyumba. Nilikusanya vifuniko vya chupa, tukavipanga, tukavibomoa. Nilimufunika na kikwembe, namutafuta mu sufuria, mu kikapo, nasema Merdi iko wapi, halafu nafunua. Nikitwanga sombe, majani ya muhogo, namupa muti kidogo naye atwange, nasema tu, tu, tu, halafu nasimamisha. Dada, hiyo ni nini kama si vile mama yetu alikuwa anatufanyia sisi wote akipika? Nilienda kufundishwa ku hospitali kitu yenye nilikuwa nayo toka kuzaliwa, na nilikuwa nimeifungia mu kifua miaka yote.

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna. Boyesi wa nyumba ya jirani alinicheka juu ya ukuta, eti naongea peke yangu kama mulevi. Wiki ya tatu nilikuwa namwanga maharagi toka juu mu sufuria tupu, alipenda ile makelele. Maharagi ikaisha mu kikombe. Merdi akatoa mukono ku mudomo, akaniangalia, akasema: "Tena."

Nilimwanga tena. Nilimwanga mupaka mangaribi, chakula haikupikwa. Na nililia mule mule, na nikuambie ukweli, nililia na hasira zaidi kuliko furaha. Neno kidogo hivi. Ningemupa toka siku ya kwanza. Damu haingetoka.

Leo anasema maneno mengi, anayaunganisha mawili, matatu. Nikienda naye Nyawera anaita nyanya, anaita mbuzi, anaita watu wa moto, wale wa pikipiki, na sauti yao, mupaka Papa Merdi anakunja uso. Wageni wakifika, Papa anamusimamisha ku kiti aseme bonjour, wanapiga makofi, Papa anaeleza kwamba watoto wa akili wanachelewaka kidogo. Mimi napitisha sahani ya sambaza. Hakuna mwenye ametaja jikoni, na wembe pia hakuna mwenye anautaja.

Sasa tukuje kwa mutoto yangu.

Nilipotoka kwetu, Riziki alikuwa na maneno. Unajua, tulicheka naye pamoja. Alikuwa anafukuza kuku na kusema "toka". Alisema maji, alisema nyama, alisema mama. Mutoto anapoteza aje maneno yenye alikuwa nayo? Nilimuuliza Papa Mulonda mupaka alichoka, na mwisho akanieleza. Alileta kifurushi yangu kwenu, akamuuliza Riziki kama anamujua mama Sifa mwenye amemutumia hii nguo. Ukamushika Papa Mulonda mukono, ukamutoa inje, ukamuambia kwenu ile jina haitajwe. Eti mwanzo akisikia jina yangu alikuwa analia mupaka kutapika, kwa hiyo ulikataza nyumba yote, watoto wako, hata mama yetu. Na sasa halie tena. Anakaa ku mulango, hasumbui mutu, na watu wakipita wanasema huyu ni mutoto wa adabu. Papa Mulonda mwenyewe alimusifu.

Naijua ile adabu, dada. Niliiosha na sabuni kila asubui mwaka moja na nusu mu nyumba ya watu.

Niko na hasira na wewe, sitaificha. Lakini yenye iko juu yangu ni kubwa zaidi. Uliniambia nitoke wakati mutoto analala, asinione, atasahau. Hivyo ndivyo wote kwetu wanafanya, na nilikubali juu niliogopa kilio yake. Alilala ameshika kikwembe yangu, nikaivuta pole pole kidole kwa kidole. Fikiria sasa ameamuka. Anasema mama, na kila mutu anageuza uso. Anasema tena mama, munamupa muhogo. Kile mutoto huyo alikuwa nacho cha kusema ni hiyo, na nyumba muzima ilimufundisha kwamba ile neno haina mutu wa kuipokea. Mimi pia ningenyamaza.

Sisahau mazuri yako. Uko na watoto sita, uliongeza wangu bila kunung'unika, na ulimukatazia jina yangu kwa kumuhurumia. Papa Merdi pia alimuhurumia Merdi, kwa namna yake. Huruma yenu hiyo ndiyo inaniua.

Na mimi si munganga, ninaweza kukosea. Kwa hiyo fanya hivi mbele ya yote: simama nyuma yake, angusha kifuniko ya sufuria. Asipogeuka, ni masikio, na hiyo ni ya hospitali, si ya ule muzee. Lakini Papa Mulonda ananiambia ndege ikisikika, Riziki ndiye wa kwanza kunyanyua kichwa, kwa hiyo sidhani. Halafu ukitoka ku shamba, mbele ya kuwasha moto, keti naye chini. Shamba haitakimbia. Umupe mahindi apukuse na wewe, useme kile anafanya. Mujifichane na kikwembe. Uimbe ile wimbo ya kupepeta mupunga, uache neno ya mwisho, umuachie yeye nafasi yake. Bahati na wadogo yake wacheze naye, usiwafukuze inje ati wanamuchafua. Musimuambie "sema, sema". Akikosea neno, musicheke. Na jina yangu, uitaje. Kila siku, kama jina ya mutu mwenye iko.

Jana mangaribi niliomba konje, ruhusa ya kwenda kwa Riziki Jumatatu. Mama Merdi aliniambia si sasa, mutoto ameanza tu kufunguka, nikitoka atarudi nyuma, itakuwa kumutesa.

"Na wangu?" nikamuuliza.

"Wako iko na dada yako."

"Merdi pia iko na mama yake."

Nilifikiri atanipiga. Aliketi ku mukeka na sketi yake ya kazi, akaniambia hajui kucheza naye, hakuna mwenye alimuonyesha, na mutoto akianguka anamukimbilia Sifa, hamukimbilie yeye. Hiyo ilinigusa, siwezi kusema haikunigusa. Nilimupa vifuniko, nikamuambia apange, asiulize. Alipanga. Merdi alivibomoa, wakacheka wote wawili. Halafu, akinyanyuka, akaniambia kama lazima niende, basi nitoke Jumatatu asubui sana wakati mutoto bado analala, asilie.

Nilimujibu hapana, na sauti yenye sijawahi kumusemesha nayo.

Leo asubui nilimuambia Merdi mwenyewe. Niliketi mbele yake, nikamuambia niko na mutoto, jina yake Riziki, iko mbali, naenda kwake Jumatatu. Alifikiri kidogo. Halafu akapiga mukeka na mukono, pale kando yake, akaniambia: "Kaa." Ni mimi nilimupa ile neno, dada. Nikamuambia tena naenda Jumatatu, sikumudanganya kwamba nitarudi kesho. Alilia na alisema mengi mu kilio, mengine sikuyasikia. Nilikaa naye mupaka akamaliza. Sombe iliungua, na iungue.

Mu ndege kuna nafasi ya karatasi, hakuna nafasi yangu. Papa Mulonda anaruka Alhamisi na hii barua. Mimi natoka Jumatatu na watu wa moto, na unajua ile njia wakati wa mvua, kufika ni kwa Mungu. Ninaweza kukuta mumekwisha kumupeleka. Ndiyo maana nakuomba kwa karatasi kitu yenye ningekuja kuomba kwa magoti.

Umusalimie mama yetu muzaa, umuambie ale. Umusalimie shemeji, mutu wa machimbo, umuambie asione haya mbele ya ule muzee. Kama mumemulipa kuku, aikule kwa amani, hatutaidai. Umusalimie Bahati, mukubwa wa watoto, na jirani yetu mushonaji mwenye alinishonea ile nguo ya safari.

Na wewe katekista, mwenye unamusomea dada yangu hii barua juu macho yake hayakufundishwa kusoma, aksanti kwa kazi. Nakujua unasomaka mbio kama mutu anaona mvua inakuja. Hapa usome pole. Mumuite Riziki, akuje karibu. Kama iko ku mulango, mumuite na jina. Hii kipande ni yake.

Riziki, mwana wangu. Ni mama. Mama yako anaitwa Sifa. Nilitoka wakati ulikuwa unalala. Nilikosa mimi, haukukosa wewe. Uliniita, na sikuitika juu nilikuwa mbali. Sasa naitika. Niko nakuja kwako. Unataka kuniambia nini?

Katekista, funga mudomo hapo. Dada, usimujibie. Hiyo ndiyo kazi nguvu kuliko zote, na hakuna mwenye anaipenda: mumungojee. Hata mukisikia haya ya kukaa kimya watu wazima mbele ya mutoto mumoja, mungojee. Akilia, musimunyamazishe, ni jibu, mukae naye mupaka amalize. Akisema kitu, hata "mmm", Bahati aiandike nyuma ya hii karatasi vile vile ilitoka, aniwekee.

Mudogo yako,
Sifa, mama ya Riziki